Bilinganya za Nyumba Mbili

Mwezi wa nane ukifika Antep, mji wa Uturuki karibu na mpaka wa Syria, habari za dunia huwekwa kando kidogo. Habari ni bilinganya. Huletwa sokoni kwa malori, ndogondogo, nyeusi ti, kisha hukombwa nyama ya ndani, hutungwa kwenye uzi na kuanikwa juu ya mapaa mpaka zikauke na kukunjamana, ili baridi ikishuka zilowekwe, zijazwe mchele na nyama, watu wale washibe. Nyumba isiyotunga bilinganya kiangazi, majirani huelewa mambo mawili tu: ama kuna msiba, ama wenyewe wanahama.

Ndiyo maana asubuhi ile Bi Saniye alipomuuliza mumewe, hakuuliza kwa kupoteza muda.

"Mwaka huu ninunue za nyumba moja au za mbili?"

Bwana Vehbi alikuwa amejifunika gazeti, chai inampoa mbele yake. "Moja," alisema. "Baridi hii Munzir atakuwa kwake Aleppo."

"Baridi hii."

"Baridi hii."

"Kama ile ya mwaka jana. Na ile ya kabla yake."

Bwana Vehbi akafunua ukurasa mwingine, ingawa ule wa kwanza alikuwa hajaumaliza. Bi Saniye akachukua kikapu chake cha sokoni, akakirudisha msumarini. Baridi mbili mfululizo nyumba mbili zilikuwa zimekula bilinganya za nyumba moja, na kabla theluji haijaisha uzi ulikuwa unaning'inia mtupu jikoni. Hakunung'unika. Aliyekula alikuwa Hiyam wa ghorofa ya chini, mke wa Munzir, na Bi Saniye alimpenda Hiyam kuliko dada zake wa tumbo moja, jambo ambalo dada zake walilijua na hawakulisamehe.

Bwana Vehbi alikuwa mstaafu wa wizara ya mambo ya nje. Balozi hakuwahi kuwa. Alikuwa karani wa itifaki katika ubalozi mdogo wa Aleppo, yule anayejua nani aketi karibu na nani mezani na bendera ipi itangulie. Lakini mtaani walimwita Balozi, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, naye akaichukua ile nusu ya heshima, nyingine akawaachia wenyewe. Kijiweni kwa Duran kinyozi, ambako wazee walikunywa chai na kucheza dadu, neno lake la siasa ndilo lililokuwa la mwisho, au angalau la mwisho kwa sauti.

Na mtu usimlaumu bure. Miaka ile kabla ya vita, wakubwa wa Ankara walitangaza kwamba nchi haitakuwa na ugomvi na jirani hata mmoja. Viza zikafutwa. Watu wa Antep wakawa wanakunywa chai ya asubuhi kwao na kula cha mchana Aleppo. Bwana Vehbi, aliyekwisha kustaafu, alivuka mpaka kila alipojisikia, na kila alipovuka alifikia kwa Munzir, fundi cherehani aliyemshonea suti zake zote tangu enzi za ubalozi. Huko alivuliwa viatu, akalishwa, akapimwa. Mara ya mwisho alipimwa koti la baridi, la sufu ya kijivu.

"Rudi baada ya mwezi ulijaribu," Munzir alimwambia.

Kabla mwezi haujaisha watu wa Syria walikuwa barabarani, na askari wakawa wanawapiga risasi. Ankara ikamshauri jirani abadilike, jirani akaahidi, hakubadilika. Ankara ikampa kisogo na kusema siku zake zinahesabika. Bwana Vehbi naye akahesabu. Mtawala wa Tunisia aliondoka ndani ya majuma, wa Misri upesi zaidi, wa Libya ndani ya miezi. Basi huyu wa Syria naye, kwa hisani, mpe nusu mwaka. Munzir alimwambia kwenye simu, "Ndugu yangu, huku sivyo mnavyoona kwenye televisheni," naye akamjibu kwamba aliye ndani ya nyumba haoni paa likiondoka. Hakuhesabu kwamba mtawala yule ana marafiki wakubwa wa kumshika mkono, wala kwamba wanaotaka kumwangusha hawapatani wao kwa wao. Wakubwa wake Ankara nao hawakuhesabu, na wao walikuwa na majasusi, yeye alikuwa na gazeti.

Vita vilipoingia Aleppo kwenyewe, Munzir alivuka na mkewe, binti yake Rahaf, na sanduku moja kubwa lililofungwa kamba. Bwana Vehbi aliwapokea mpakani kwa machozi, akawapa ghorofa ya chini ya nyumba yake, na alipoona Hiyam anatafuta mahali pa kuliweka sanduku, akasema kwa sauti ya itifaki:

"Msilifungue. Liacheni hapo mlangoni. Baridi haijaingia mtakuwa kwenu."

Serikali nayo haikuwaita wakimbizi. Iliwaita wageni, kwa kuwa mgeni hukaa kidogo akaenda. Sanduku likabaki mlangoni. Kila asubuhi Bwana Vehbi akishuka ngazi kwenda kwa Duran alipitisha jicho mlangoni pa Munzir, akaligonga sanduku kidogo kwa fimbo yake. "Lipo tayari?" Na Munzir, akiwa anavaa viatu kwenda kwenye karakana ya watu alikoshona suruali za jinzi kwa ujira, alimjibu, "Lipo tayari, Bwana Vehbi. Tunakungoja wewe tu." Wakacheka. Siku ya Bwana Vehbi ikaanza vizuri.

Sasa kilikuwa kiangazi cha tatu.

Jumanne ile, siku ileile ya kikapu kurudi msumarini, Rahaf alimfuata Bwana Vehbi bustanini alikokuwa anamwagilia mpilipili wake. Alikuja Antep ametoka kumaliza sekondari. Kituruki alijifunza kwa Bi Saniye na kwa tamthilia za mchana, kwa hiyo alikizungumza kama mama wa makamo aliyesalitiwa na mumewe.

"Ami, nina jambo."

"Sema, mwanangu."

"Nimepata nafasi chuo cha uuguzi. Mitihani yao nilifanya, nimefaulu. Usajili unafungwa Ijumaa."

Bwana Vehbi akaacha maji yatiririke. "Hongera. Hongera sana. Baba yako anasemaje?"

"Baba anasema ami yako amesema baridi hii tunarudi. Anasema kozi ya miaka minne mtu haianzi akiwa na sanduku mlangoni. Na cheti changu cha sekondari kimo humo ndani ya sanduku, na kamba haniruhusu kuigusa." Rahaf alikuwa anajipikicha vidole. "Mwaka jana alisema hivyohivyo, na mwaka juzi. Ami, mimi sikuja kukukosea adabu. Lakini Baba hamsikilizi mtu mwingine. Mwambie ulikosea."

Maji yalikuwa yamekwisha kuifikia njia. Bwana Vehbi akainama akafunga bomba, akachukua muda mrefu kuinuka, na magoti yake hayakuwa na kosa lolote.

"Nitazungumza naye," alisema.

"Lini?"

"Kabla ya Ijumaa."

Si kwamba hakujua kwamba alikosea. Alijua tangu theluji ya kwanza. Aliwaona vijana wenye ndevu na mabegi mapya wakipita mjini kuelekea mpakani bila kuulizwa na mtu, akajua kwamba watu wa namna ile hawaendi kumaliza vita. Alizisikia bendera nyeusi za watu wale zikitajwa katika vijiji alivyokuwa akisimama kununua jibini. Lakini alimwona pia Munzir akivaa viatu kando ya sanduku lile, akitabasamu, na akawa na hakika kwamba tabasamu lile limesimama juu ya neno lake. Mtu amepoteza duka, mashine, na mtaa mzima. Umnyang'anye na baridi hii? Kwa hiyo kila mwaka alimpa baridi nyingine, na kwa hakika alifanya hivyo kwa mapenzi, ingawa na majivuno nayo yalikuwemo, hatumfichi.

Jioni alikwenda kwa Duran. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, hakugeuka.

"Balozi, anaanguka lini huyu?"

"Mwaka mpya hauoni," alisema Bwana Vehbi.

"Mwaka mpya upi?"

Wazee wakacheka mpaka dadu zikaanguka chini. Bwana Vehbi naye alicheka, na chai yake aliiacha nusu.

Jumatano alimwita Munzir ukumbini, akamketisha kwenye kiti cha wageni wa heshima. Alianza kwa njia aliyoizoea kazini. Akaeleza hali ya jumla ya kanda. Akagusia kwamba mataifa makubwa yana maslahi yao. Akasema kwamba mambo yaliyotarajiwa yanaweza, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa wahusika, kuchelewa kidogo kupita yalivyotarajiwa.

Munzir alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini, kama alivyowasikiliza wateja wanene wanaosema wamekonda.

"Kwa hiyo bado ni baridi hii," alisema, "ila mwishoni mwishoni."

"Kitu kama hicho," alisema Bwana Vehbi, na angeweza kuung'ata ulimi wake.

"Wewe ukisema baridi, ni baridi." Munzir akaweka mkono kifuani, akashuka kwake.

Bi Saniye alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo begani. Alisikia yote.

"Umemwambia nini sasa? Hata mimi sikuelewa, na mimi nimelala na wewe miaka yote hii."

"Ni vigumu, Saniye."

"Vigumu ni kukaa jikoni ukichambua mchele na huku umefaulu mtihani. Yule mtoto leo hajala."

Alhamisi Bwana Vehbi hakwenda kwa Duran. Alikitoa kikapu msumarini, akaona hakitoshi, akachukua na magunia mawili. Sokoni wanawake walimpisha kwa mshangao, maana mwanamume wa umri wake hununua tikiti maji, hanunui bilinganya za kuanika. Muuzaji alimuuliza anataka za nyumba ngapi.

"Mbili," alisema. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitamka, akarudia. "Za nyumba mbili."

Alizipandisha mpaka darini, juu ya paa, kwa awamu, akipumzika kila ngazi inapopinda. Bi Saniye alimwona akipita na gunia, akataka kumsaidia, kisha akamtazama usoni na kumwacha. Kule juu aliketi kwenye kigoda kidogo juani, kofia ya sherehe kichwani, kwa kuwa nyingine hakuipata, akaanza kukomba. Kazi ile kila mtoto wa kike wa Antep anaiweza akiwa amefumba macho. Ya kwanza aliitoboa upande wa pili. Ya pili aliikata katikati, na ya tatu akajikata mwenyewe. Alipofika kwenye kutunga, alitunga kwa uzi mwembamba wa vifungo, na uzi ukakatika, bilinganya zikatawanyika juu ya paa hadi ukingoni.

Hiyam ndiye aliyemkuta hivyo. Alikuwa amepanda kuanua nguo. Alisimama na beseni kiunoni, akatazama magunia, akatazama mzee aliye katikati ya maganda na damu kidogo kidoleni. Aliweka beseni chini, akaketi, akamchukulia kisu mkononi taratibu kama unavyomchukulia mtoto. Akaanza kukomba. Baada ya kitambo Bi Saniye akaja na sindano kubwa na uzi mnene, na Rahaf nyuma yake. Kila Rahaf alipotunga moja alimtupia Bwana Vehbi jicho.

Munzir alirudi kazini, akakuta nyumba haina mtu, akapanda. Nyuzi nne zilikuwa tayari zimekwisha kuning'inizwa.

"Mwaka huu Bi Saniye ana harusi?" aliuliza. "Za nani hizi zote?"

Bwana Vehbi akasimama. Akavua kofia.

"Upande huu ni zetu. Upande ule ni zenu."

"Zetu?"

"Zenu, Munzir. Za baridi. Za kula baridi hii, hapa hapa." Sauti ilimpotea, akaitafuta, akaipata. "Nilikosea. Si mwaka huu tu, nilikosea tangu siku ya kwanza. Uliniambia kwenye simu nami nikakufundisha habari za nchi yako. Hamrudi baridi hii, na baridi ijayo pia sidhani. Lini, sijui."

Bi Saniye aliinua kichwa. Katika ndoa yake yote hakuwahi kulisikia neno lile la mwisho likitoka kinywani mwa mtu yule kuhusu jambo lolote lililoandikwa gazetini.

Uso wa Munzir haukuonyesha kitu. Aligeuka, akashuka ngazi, na hatua zake zikasikika mpaka chini kabisa. Bwana Vehbi aliketi tena kwenye kigoda, kofia magotini. "Nimemuua," alisema polepole. "Saniye, nimemuua ndugu yangu."

"Nyamaza," alisema Hiyam, na hakusema kwa ukali.

Hatua zikarudi. Munzir alitokea darini na sanduku lile kubwa lenye kamba, na alikuwa amelibeba kwa kidole kimoja. Alilizungusha kidogo hewani, mbele ya macho yao, akaliweka chini. Halikutoa sauti ya kitu chochote ndani.

"Tupu," alisema. "Tangu baridi ya kwanza."

Rahaf alikuwa ameacha kutunga. "Tupu vipi? Na mablanketi?"

"Unajifunika nayo," alisema mama yake.

"Ulisema umepewa na Bi Saniye."

"Bi Saniye alinipa moja. Mengine ni yetu."

Bwana Vehbi alikuwa anatazama sanduku, kinywa wazi. "Lakini kila asubuhi," alisema, "nilikuwa naligonga. Ukaniambia lipo tayari."

"Ningekuambia nini?" Munzir akaketi juu ya gunia, mkabala naye. "Niko nyumbani kwako, nakula chakula chako, wewe unashuka ngazi kila asubuhi na furaha yako. Umekuwa ukiwatetea wale wakubwa wako kijiweni mpaka unachekwa. Nikusimamishie kabati la nguo mlangoni? Nimpeleke binti yangu kozi ya miaka minne kutoka nyumba ya mtu anayesema tunaondoka baridi hii? Ingekuwa nimekuita mwongo mbele ya mtaa mzima. Nikasema, mwache. Siku yake ya kujua itakuja." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na tuseme kweli, nusu ilikuwa kwa ajili yako. Nusu nyingine, nilikuwa napenda kusikia. Ulikuwa unasema vizuri sana, Bwana Vehbi."

"Mimi nilikuwa nasema kwa ajili yako."

"Naona sasa."

Wazee wawili wakatazamana, na huenda wangelia kwa amani zao, lakini Rahaf alisimama na sindano mkononi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnastahiana," alisema. "Yeye anakustahi wewe, wewe unamstahi yeye. Na aliyekaa jikoni ni nani? Wenzangu niliofanya nao mitihani mwaka jana sasa wanachoma sindano hospitali, mimi nachambua mchele, kwa sababu nyinyi wawili mna adabu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Usajili ni kesho. Cheti changu kiko wapi?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze sauti. Bwana Vehbi aliinamisha kichwa, akakubali kila neno.

Hiyam alipangusa mikono kwenye aproni, akatia mkono ndani ya kifua cha nguo yake, akatoa bahasha iliyokunjwa. "Nimekibeba tangu Jumanne," alisema. "Nilikuwa nangoja mmoja wao aseme."

Rahaf akaifungua. Cheti kilikuwemo, na nyuma yake karatasi nyingine, tafsiri ya Kituruki yenye mihuri. Tarehe ya mihuri ilikuwa ya mwaka jana. Alimtazama baba yake. Munzir alikuwa ameokota bilinganya, anaichunguza kana kwamba anaipima kiuno.

"Nilijua kuna siku itahitajika," alisema, bila kuinua macho. "Nisamehe, mama. Kesho tutakwenda wote. Na huyu atakuja, avae suti, aongee ile lugha yake isiyoeleweka mpaka wakusajili ili anyamaze."

Rahaf alicheka, akakasirika kwamba amecheka, akaketi. Bi Saniye akamsogezea uzi. Jua lilikuwa limeshuka kidogo, na paa zima lilinuka bilinganya mbichi. Walifanya kazi mpaka magunia yakaisha. Munzir alitunga upesi kuliko wote, mafundo yake yakiwa sawa kama ya vifungo vya koti, na kila uzi wa Bwana Vehbi aliufungua akaurudia upya bila kusema.

Uzi wa mwisho ulipokwisha kuning'inizwa, Munzir alitoa futi yake mfukoni. Alitembea nayo kila siku, hata kwenye karakana ya jinzi ambako hakuna aliyepimwa.

"Simama," alisema.

"Ya nini?"

"Koti. Lile la kijivu limebaki Aleppo, na vipimo vile havina kazi tena. Umenenepa." Akampitishia futi mabegani, kifuani, akashuka kiunoni, akapiga mluzi mdogo. Bwana Vehbi alisimama wima, mikono kando, bilinganya zikimgusa masikio.

"Litakuwa tayari lini?" aliuliza.

"Baridi hii," alisema Munzir. "Na safari hii ninayesema ni mimi."